Mashine ya kujazia soseji nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza soseji jikoni kwake, kwa nyama aliyoichagua mwenyewe buchani, na sasa anatazama mashine dukani au kwenye simu asijue ipi ni ipi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Je, ni lazima ninunue mashine?

Hapana. Wachoma mutura wa Kenya hawajawahi kungoja mashine. Mdomo wa utumbo unashikwa wazi, nyama iliyokatwakatwa na damu vinasukumwa ndani kwa mkono, ncha inafungwa, inachemshwa, inachomwa, na wateja wanapanga foleni. Kwa kilo moja ya nyama mara mojamoja, faneli yenye shingo pana inatosha. Wengine hukata shingo ya chupa ya soda ya plastiki na kuitumia hiyo. Ukifanya hivyo, sugua ukingo uliokatwa mpaka uwe laini, maana utumbo hauna mchezo na ncha kali. Unaweza hata kuacha utumbo kabisa, ukaviringisha nyama kwa mkono kwa umbo la kababu na kukaanga.

Mashine huanza kuwa na maana pale unapotaka soseji nyembamba zilizoshiba sawasawa, au unapofika kilo mbili na zaidi kwa mkupuo mmoja.

Nina mashine ya kusagia nyama, na ndani ya boksi mlikuwa na bomba la soseji. Si inatosha?

Hakuna swali linaloulizwa kuliko hili, na jibu langu huwaudhi waliokwisha nunua: inatosha kwa kujaribu tu. Ukiizoea, utaamini kwamba soseji za nyumbani ni kazi ya mateso.

Mashine ya kusagia husukuma nyama kwa parafujo inayozunguka. Kazi yake ni kubana na kukokota nyama kuelekea kwenye kisu. Hata ukitoa kisu, parafujo inaendelea kuisugua nyama ukutani, na msuguano huleta joto. Nyama ya soseji inatakiwa ibaki baridi, nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo, mpaka iwe ndani ya utumbo. Ikipata joto, vipande vidogo vya mafuta vinalainika na kupakazika kote badala ya kubaki vipande. Utaona dalili mara mbili: utando mweupe upande wa ndani wa utumbo, halafu kwenye kikaango mafuta yote yanatoka na soseji inabaki kavu, inayovunjikavunjika kama mchanga.

Tena parafujo hula nyama kadiri unavyoilisha. Ukisita kidogo, inameza hewa, na hewa hiyo unaikuta kwenye soseji. Kwa hiyo unahitaji watu wawili, mmoja wa kusukuma nyama juu na mwingine wa kushika utumbo, na kazi ya nusu saa inakula jioni nzima.

Kama ndiyo uliyo nayo kwa sasa, itumie hivi: toa kisu na sahani yenye matundu madogo, weka kile kisahani chenye uwazi mkubwa kinachoshika parafujo isiyumbe, poza mashine yenyewe kwenye friza kabla ya kuanza (sehemu za chuma tu, si mota), na tengeneza soseji nene zenye nyama iliyosagwa kwa ukubwa. Usijaribu utumbo wa kondoo kwa mashine hiyo.

Mashine za kujazia ziko za aina gani?

Ya kwanza ni ile ya chuma cha kutupwa iliyopinda kama kiwiko, yenye mkono mrefu wa kukandamiza. Unajaza nyama, unashusha mkono, inatoka. Ni rahisi na haina gia za kuharibika. Ubaya wake ni kwamba nyama hurudi nyuma ya kisukumio, kwa sababu nyingi hazina mpira wa kuziba vizuri, na kwa bomba jembamba utakandamiza mpaka bega liume. Lazima ifungwe kwa bolti kwenye ubao mzito.

Ya pili ni ya kusimama: silinda ya stenlesi, pistoni inayoshuka kutoka juu, na mkono wa kuzungusha unaoendesha gia. Nguvu ya mkono wako inazidishwa na gia, nyama inashuka taratibu bila kusuguliwa, na mtu mmoja anaweza kuzungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiongoza utumbo. Kwa jikoni nyingi za nyumbani, hii ndiyo ya kununua. Sehemu kubwa ya yaliyobaki kwenye ukurasa huu yanaihusu hiyo.

Ya kulala ni ndugu yake. Inafanya kazi ileile, ila inakula meza nzima. Wenye jiko kubwa huipenda kwa kuwa iko chini na haiyumbi. Za umeme zina swali lao hapa chini.

Ninunue ya ukubwa gani?

Usianze na mashine. Anza na soseji unayotaka kula: nyembamba za kifungua kinywa, za wastani za kuchoma, au nene. Hiyo itakuambia utumbo gani, utumbo utakuambia bomba gani, na bomba ndilo litakalokuambia silinda gani. Wengi huenda kinyume, wananunua silinda kubwa kwanza kwa sababu bei ya lita 7 haikuachana sana na ya lita 3.

Tatizo la silinda kubwa ni hesabu ya kawaida ya shule. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la sentimita za mraba kama 79. Yenye sentimita 14 ina kama 154. Ili nyama ipite kwenye bomba jembamba kwa mgandamizo uleule, pistoni pana inadai karibu nguvu mara mbili. Mzigo huo unabebwa na gia na mkono wako. Ndiyo maana mashine kubwa inayotiririsha soseji nene bila shida inalia na kukatika meno ukiiwekea bomba la milimita 10.

Tena kila mashine hubakiza nyama ambayo pistoni haiifikii: pembeni chini, kwenye kona ya kutokea na ndani ya bomba lenyewe. Ukijaza kilo moja kwenye mashine ya kilo saba, hicho kinachobaki ni sehemu kubwa ya chakula chako.

Kwa familia, lita 3 zinatosha. Kwa anayetengeneza kwa ajili ya Krismasi, Idi, au kuuzia majirani, lita 5. Zaidi ya hapo, jiulize kwanza kama friji yako ina nafasi ya kupoza kilo saba za nyama ya kusaga kwa wakati mmoja. Kwa kawaida haina.

Angalia pia vipimo. Lita moja hubeba takriban kilo moja ya nyama iliyoshindiliwa. Mashine za Marekani hupimwa kwa pauni: pauni 5 ni kilo 2 na robo hivi, pauni 11 ni kilo 5, pauni 15 ni karibu kilo 7.

Gia za plastiki zina ubaya gani?

Zinakufa. Mashine nyingi za bei ya chini zinang'aa kwa nje, silinda ni ya stenlesi kweli, lakini ukifungua kifuniko cha gia unakuta nailoni. Zikipewa nyama laini ya kuku na bomba pana zitadumu. Zikipewa nyama ya ng'ombe iliyopoa sana na bomba jembamba, siku moja utasikia mlio, mkono utazunguka bure, na pistoni itakuwa imesimama katikati na kilo mbili za nyama chini yake.

Dukani omba kifuniko kifunguliwe. Kama muuzaji hataki, umeshapata jibu. Tazama gia zenyewe, kisha tazama ule mhimili wenye meno unaoshusha pistoni: meno yawe na kina, yasiwe mikwaruzo tu. Zungusha mkono mashine ikiwa tupu. Pistoni ishuke wima bila kugusa ukuta wa silinda upande mmoja. Shika kichwa cha mhimili ukitikise. Kuyumba kidogo si neno, kuyumba sana ni gia zisizoshikana.

Mashine nyingi nzuri zina mwendo wa aina mbili: unachomeka mkono tundu moja ili kusukuma polepole, unauhamishia tundu la pili ili kupandisha pistoni haraka. Si lazima, lakini ukijaza mara tatu mfululizo utaishukuru.

Kuhusu fremu: mashine iliyopakwa rangi hubanduka, na vipande vya rangi havina kazi kwenye chakula. Stenlesi ni bora. Na silinda iwe ya kuchomoka au kuinama, vinginevyo utakuwa unajaza nyama kwa kijiko kupitia upenyo chini ya pistoni.

Ile valvu ndogo kwenye pistoni ni ya nini?

Ni ya kutolea hewa. Hata ukishindilia nyama vizuri, kuna hewa inayobaki kati ya nyama na pistoni. Bila valvu, hewa hiyo inabanwa kama springi, halafu mambo mawili yanatokea: unaacha kuzungusha lakini nyama inaendelea kutoka, au mwishoni hewa inatoka kwa kishindo na kupasua utumbo uliokwisha kuupanga vizuri. Usinunue mashine isiyo na valvu.

Ukiwa hapo, mulika na mpira unaozunguka pistoni. Uwe wa silikoni, unaotoka kwa ajili ya kuoshwa, na muuzaji awe na wa akiba. Ndio utakaochakaa kwanza, na mashine nzuri isiyo na mpira ni pambo.

Bomba lipi kwa utumbo upi?

Utumbo wa kondoo, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 18 na 28, unahitaji bomba la milimita 10 hadi 13. Utumbo wa nguruwe, milimita 28 hadi 44, unachukua bomba la 16 hadi 22. Kwa soseji nene zaidi tumia bomba la 30 na kuendelea. Kolajeni, yaani ganda la kiwandani linalotumika badala ya utumbo, ikiwa ya milimita 21 hadi 26 huingia vizuri kwenye bomba la 13 hivi.

Kipimo cha kuangalia ni kipenyo cha nje cha bomba. Wauzaji wengine huandika cha ndani, nawe unafika nyumbani na utumbo haupandi. Beba rula.

Bomba la stenlesi lisilo na mshono ni bora kuliko la plastiki, ambalo mara nyingi lina mstari mwembamba uliobaki kiwandani. Pitisha kucha, ukiusikia, utumbo nao utausikia. Na likiwa refu, linabeba utumbo mwingi zaidi kabla ya kusimama na kupanga upya.

Utumbo nautoa wapi?

Ulio rahisi kwa anayeanza ni ule uliokwisha safishwa na kuwekwa chumvi, au kolajeni ya kiwandani. Uliza kwenye bucha kubwa na kwa wanaouza vifaa vya mabucha. Wa chumvi unausuuza, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa au zaidi, kisha unapitisha maji ndani yake. Hapo utaona pia matundu kabla hayajakuaibisha. Unaobaki urudishie chumvi, uweke kwenye friji. Friza huudhoofisha.

Utumbo mbichi wa machinjioni unawezekana, ila si kuosha tu. Lazima ugeuzwe na tabaka lote la ute likwaruzwe mpaka ubaki utando unaopitisha mwanga. Ni kazi ya kujifunza kwa mtu anayeijua.

Sisi ni Waislamu. Kuna la kuangalia?

Kuna mawili. Kolajeni hutengenezwa kwa ngozi za ng'ombe au za nguruwe, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo nunua yenye alama ya halali na maelezo ya mnyama. Pili, mashine ya mtumba huenda imeshapitisha nyama ya nguruwe. Wengi huamua kununua mpya ili wasibaki na shaka. Soseji zenyewe hazina tatizo: ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wote wanatoa soseji nzuri mradi usiogope mafuta. Soseji inataka mafuta asilimia 20 hadi 30, na nundu ya ng'ombe ni hazina hapo.

Nichukue ya umeme?

Kwa kilo tatu za Jumamosi, hapana. Ya umeme ni tamu ukiwa peke yako na nyama nyingi, kwa sababu unakanyaga kibonyezo kwa mguu na mikono yote miwili inabaki kwenye utumbo. Lakini umeme ukikatika, nyama iko ndani ya silinda na jiko lina joto. Na kama ndugu yako anakuletea kutoka Marekani, hakikisha volti kwanza. Kule ni 120, Kenya ni 240 na Tanzania 230. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, utanusa jibu. Mashine ya mkono haina wasiwasi huo.

Mashine inanyanyuka nikizungusha. Ni mbovu?

Si mbovu, haijafungwa. Angalia matundu chini ya kitako, funga kwa bolti kwenye ubao, kisha ubane ubao huo kwenye meza kwa vibano vya seremala. Fundi wa jua kali atakutengenezea ubao huo bila shida. Asikutengenezee bomba la mabati, wala asichomelee kwa risasi (ile metali ya kulehemu) sehemu yoyote inayogusa nyama.

Kwa nini nyama inapanda juu ya pistoni?

Kidogo ni kawaida. Ikiwa nyingi, mpira umechakaa au umekaa vibaya, au nyama yako ni kavu mno na inatafuta njia iliyo rahisi. Soseji inataka chumvi gramu 15 hadi 20 kwa kilo, na maji ya barafu kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa nyama, vikandwe mpaka nyama inate mkononi hata ukigeuza kiganja chini. Nyama ya namna hiyo hupita bombani kwa heshima. Wanaolaumu mashine mara nyingi hawakukanda.

Na utumbo unapopasuka?

Umejaza kupita kiasi. Acha nafasi ya kusokota: ukibonyeza soseji kwa vidole viwili, vikaribie kukutana. Lowesha bomba kwa maji, zungusha polepole, na mkono wa kushoto ndio uamue unene kwa kuachia utumbo au kuuzuia. Vipovu vya hewa vichome kwa sindano safi. Unaposokota, moja ielekee mbele na inayofuata nyuma, la sivyo zitajifungua zote.

Nataka boerewors ya Afrika Kusini. Mashine ipi?

Yoyote, hata ile ya kiwiko. Nyama husagwa kwa ukubwa, bomba ni pana, na haisokotwi. Inaachwa ndefu na kuviringwa. Ugumu wake uko kwenye nyama: kwa kanuni za kule, ili iitwe boerewors lazima nyama iwe angalau asilimia 90 na mafuta yasizidi asilimia 30. Giligilani iliyokaangwa na kupondwa ndiyo harufu yake.

Naioshaje?

Mara tu unapomaliza, kabla hujaonja. Anza na maji ya baridi, halafu ya moto na sabuni, na brashi ndefu ya chupa ndani ya bomba. Chomoa mpira wa pistoni kila mara. Mfereji wake huficha nyama. Fungua na valvu. Kisha suuza kwa maji yenye jiki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4, uache ikauke hewani bila kufuta kwa kitambaa. Usiiloweke humo usiku kucha, klorini hutoboa stenlesi. Sehemu zinazosuguana zipake mafuta ya kulainishia yaliyoandikwa kuwa ni ya mashine za chakula. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, na grisi ya gari isikaribie.

Soseji zangu zinakaa muda gani?

Mbichi, siku moja au mbili kwenye friji. Zaidi ya hapo ni friza. Zipikwe mpaka katikati zifike nyuzi 71 kwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe, na 74 kwa kuku. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama ni bei ya kilo chache za nyama na ni muhimu kuliko bomba la nne la mashine. Kukausha na kufukiza moshi kwa saa nyingi kunahitaji chumvi yenye nitriti (kemikali ya kuhifadhi nyama) iliyopimwa kwa gramu, na si jambo la kukisia kwa kijiko.

Naweza kuanza kuuza?

Majirani watakuomba hata usipotaka. Lakini biashara rasmi ya nyama iliyosindikwa ina masharti yake: Kenya nenda KEBS (shirika la viwango) na idara ya afya ya kaunti, Tanzania nenda TBS, shirika la viwango la huko. Fanya hivyo kabla ya kununua mashine ya pili, kwa sababu masharti ya jengo na ubaridi ndiyo yatakayoamua ununue ya ukubwa gani.

Nimepata ya mtumba kwa bei nzuri. Niangalie nini?

Silinda isiwe na mbonyeo. Pistoni haitaziba penye mbonyeo. Kutu kwenye chuma cha kutupwa kuna aina mbili: ya juujuu, inayotoka kwa kusugua, na ya mashimo, ambayo huwezi kuisafisha ukawa na amani. Uliza mabomba yako wapi, kwa sababu mara nyingi yamepotea na shingo ya mashine ina kipimo kisicho cha kawaida. Omba mwenyewe aizungushe mbele yako ikiwa na kitu ndani, hata kama ni ugali laini uliopoa.